Nyumba ya Wabelgiji au ghorofa mpya Lubumbashi?
Ukitafuta nyumba katikati ya mji huu wa kusini mwa Kongo (DRC), ubishi ni uleule. Kwa joto la Oktoba, ya Wabelgiji, yaani ya enzi za ukoloni, inashinda: dari ya juu, barza pana yenye kivuli, kuta nene za matofali ya kuchoma, ukizigonga kwa ngumi, ni kama kugonga mwamba. Kuna zilizojengwa mji ungali ukiitwa Élisabethville, ulioanzishwa 1910. Jina la Lubumbashi lilikuja 1966. Shida ni bati lenye kutu na mbao za dari zilizoliwa na mchwa: kila mvua zikianza, fundi yuko juu, nawe unalipa. Ghorofa ya bloku haisumbui hivyo, ila mchana ni tanuri. Una wapangaji wa kuweka juu? Ghorofa. Una subira na fundi mwaminifu (wapo wachache)? Ya Wabelgiji.