Seti za nyaya za amplifaya mbili: ipi ya kununua, na boksi lipi la kutupa

Wanaoongeza amplifaya ya pili garini hulalamika kwa sauti moja: sabufa ikipiga, ile ya spika za mlango inajizima, taa za dashibodi zinafifia, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua chini ya zulia, na fyuzi ya mbele bado nzima. Lawama hupewa amplifaya. Mara nyingi mkosaji ni seti ya nyaya, na ndani ya seti ni kile kiboksi kidogo king'aacho cha kugawia umeme.

Rangi ya waya, unene wa ganda na idadi ya vibanio vya plastiki sitavigusa. Kuna kitu kimoja cha kutazama kabla ya vyote: je, boksi la kugawia lina fyuzi ndani yake?

Nyingi ya seti za amplifaya mbili hazina. Mpangilio wake ni huu: waya mkuu wa 4 AWG (kipimo cha unene wa waya; namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi) kutoka betri, fyuzi moja ya ampea 150 karibu na betri, boksi tupu lenye tundu moja la kuingia na mawili ya kutoka, kisha nyaya mbili za 8 AWG kwenda kwa amplifaya. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, si amplifaya. Waya wa 8 AWG wa shaba kwa kawaida hupewa fyuzi ya ampea 50, mwisho 60. Hapa waya huo umewekwa nyuma ya fyuzi ya 150. Reli ya kiti ikiukwaruza, ukagusa bodi nusunusu na kuvuta ampea 120, fyuzi ya mbele haitakatika kamwe, maana kwake hilo ni jambo la kawaida. Kwa ampea 120, waya huo hutoa joto la wati 30 hivi kwa kila mita. Ndilo joto la chuma cha kulehemu cha fundi redio, limelazwa chini ya zulia. Kwa ampea 50 ni wati 5 tu.

Muuzaji atakwambia amplifaya yenyewe ina fyuzi ubavuni. Ni kweli, lakini ile ipo mwisho wa waya. Hitilafu ikitokea kabla ya kuifikia, umeme haupiti kwake. Kanuni ni rahisi: kila mahali waya unapopungua unene, fyuzi inakaa papo hapo.

Sasa hesabu, maana bila hiyo unanunua kwa macho. Chukua wati halisi (RMS, si zile kubwa za kwenye kadibodi), gawanya kwa ufanisi wa amplifaya, kisha gawanya kwa volti 13.8. Sabufa ya wati 600 kwenye amplifaya ya daraja D, ufanisi wa asilimia 80, inavuta ampea 54. Amplifaya ya chaneli nne, wati 75 kila moja, daraja AB yenye ufanisi wa asilimia 55, inavuta 40 kasoro kidogo. Jumla ni 94. Kwa mita 5 za waya mkuu, upande wa chanya peke yake, shaba ya 4 AWG inapoteza volti 0.38. Shaba ya 1/0, ambayo ni nene kuliko 4, inapoteza 0.15. Alumini iliyopakwa shaba ya 4 AWG inapoteza karibu 0.6, hiyo ikiwa unene wake ni wa kweli.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza: nunua vipande, usinunue seti. Sijifichi, napendelea waya wa KnuKonceptz aina ya Kolossus Fleks na fyuzi za Blue Sea Systems. Waya ule ni wa shaba iliyopakwa bati, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, kwa hiyo unapinda kwenye kona bila kupigana nawe. Blue Sea hutengeneza vifaa vya boti, na boti likishika moto huna pa kukimbilia. Fyuzi zake aina ya MRBF hukaa juu ya kichwa cha betri penyewe, kuanzia ampea 30 hadi 300, na zinaweza kukata mkondo wa hadi ampea 10,000 kwenye volti 14 bila kupasuka. Huhitaji kutafuta mahali pa kufunga kishikio.

Kwa mfano ule wa ampea 94, orodha ni hii: mita 5 hadi 6 za 1/0 nyekundu, fyuzi kuu ya 125, boksi la kugawia lenye fyuzi za mini-ANL (fyuzi bapa ndogo), mita 1 ya 4 AWG kwa sabufa na fyuzi ya 60, mita 1 ya 8 AWG kwa chaneli nne na fyuzi ya 40 au 50. Upande wa hasi, nunua boksi la pili lisilo na fyuzi, nyaya za unene uleule, na kipande cha 1/0 kisichozidi sentimita 50 kwenda kwenye bodi. Fyuzi kuu isipokaa kwenye betri, iwe ndani ya sentimita 45 kutoka hapo. Ongeza mpira wa kupitishia waya kwenye ukuta wa injini. Bila huo, bati litalikata ganda kwa mtikisiko.

Kwenye boksi, angalia skrubu. Skrubu yenye ncha kali inachana nyuzi. Yenye kitako bapa inazikandamiza. Valisha ncha ya waya kifuniko cha shaba kabla ya kuingiza. Usiijaze risasi ya kulehemu: risasi hulegea taratibu chini ya mgandamizo, na skrubu inabaki imeshika hewa. Kaza tena baada ya wiki mbili. Kiungo kilicholegea chenye mili-omu 10 tu, kwa ampea 50, kinakula nusu volti na kutoa joto la wati 25 mahali padogo kama ukucha. Ndiyo sababu maboksi ya plastiki huyeyukia kwenye skrubu kwanza.

Ya pili: seti ya shaba ya amplifaya mbili kutoka chapa kama Rockford Fosgate au Stinger. Inakuokolea muda, na nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, mara nyingi zinakuja humo humo. Fungua boksi dukani. Likiwa na fyuzi za kugawia, chukua. Kama halina, bado inafaa, ila hesabu bei ya boksi jingine juu yake na lile tupu lipeleke upande wa hasi. Kiwango cha kutafuta kwenye maandishi ni ANSI/CEA-2015, kinachohusu nyaya za muziki wa gari. Neno "gauge" peke yake halina maana. AWG ndiyo yenye kipimo: 8 AWG ni milimita mraba 8.4, 4 AWG ni 21.2, na 1/0 ni 53.5.

Kuna mtego mmoja hapa. Watu huona nyuzi nyeupe na kukataa waya mzuri wakidhani ni alumini. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba yenye bati. Mwekundu nje na mweupe ndani, rudisha. Ukishindwa kukwaruza, pima uzito: shaba tupu ya 4 AWG, mita 5, ina karibu kilo moja bila ganda, ya alumini haifiki nusu kilo.

Ya tatu: nyaya mbili tofauti kutoka betri, kila moja na fyuzi yake. Kiusalama haina kasoro, maana hakuna pa kugawia. Lakini ni kazi ya kuchosha, matundu mawili na vichwa viwili juu ya betri. Wengi hukosea mwishoni: kila amplifaya wanaifunga hasi mahali pake, mlio wa altaneta unaingia kwenye spika, kisha wanalaumu RCA. Hasi zote ziende sehemu moja, rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae, na boliti ya mkanda wa usalama isiguswe.

Wenye amplifaya tatu au zaidi waongeze rilei ya kawaida ya ampea 30 au 40 kwenye waya wa rimoti, ule unaowasha amplifaya redio inapowashwa. Redio imetengenezwa kutoa mkondo mdogo tu hapo. Kwa namba za pini za rilei: waya wa redio uende 86, 85 kwenye hasi, 30 kwenye chanya kupitia fyuzi ya ampea 5, na 87 kwa amplifaya zote. Weka dayodi 1N4001 kati ya 85 na 86, mstari wake uelekee 86.

(Kama amplifaya zenyewe hujazinunua, tazama moja ya chaneli tano. Waya mmoja, fyuzi moja, hakuna boksi.)

Ya nne: seti za bei ya chini za alumini zilizoandikwa wati 3000. Waya hauna wati! Una unene, urefu na madini. Anayechapa wati kwenye kasha la waya anajua mnunuzi hatauliza urefu, na ganda nene linaficha yaliyobaki. Ukishainunua, itumie kwa amplifaya moja isiyozidi wati 300, na fyuzi ya ampea 100 iliyomo ndani itoe, uweke ya 40, kabla hujagusa betri.