Kruzeti za pale Posta: mukuba safi, ila stori yao hapana

Jumamosi nilikuwa natafuta zawadi ya shemeji yangu wa Bukavu nikaingia kale kaduka ka malakiti, yale mawe ya kijani, upande wa Posta hapa Lubumbashi, wanauza bangili, sanamu, zile picha za mukuba (shaba) wa kugonga na nyundo, na ukutani kruzeti, ile misalaba ya mukuba, za kila saizi. Nikachagua moja ya kama kiganja, walitaka dola 15, tukabishana mpaka 11.

Sasa kijana wa dukani, mwenye heshima sana kwa kweli, akaniambia "Mama, huu ni msalaba wa Yesu, mapadri ndio walituletea". Ee jamani! Kruzeti ni feza ya wazee wetu. Pale Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958 wakakuta watu wamezikwa nazo, zingine zimepita miaka 500, padri alikuwa wapi huku kwetu wakati huo? Na angalia umbo, mikono yote minne inakaribia kulingana, ni X kabisa. Wamisri nao walikuwa na ankh yao, alama kama msalaba yenye kitanzi juu, maana yake uzima, zamani sana kabla Yesu hajazaliwa. Msalaba wa Kikristo kwenye feza nenda kaulize Ethiopia, mfalme Ezana wa Aksum aliuweka kwenye sarafu zake karne ya 4. Huku Katanga feza yenyewe ndiyo ilikuwa na umbo hilo, unabeba mukuba wako unaenda kununua. Tshombe naye, yule mwanasiasa wa Katanga, alipoitangaza Katanga kuwa nchi yake 1960 aliweka kruzeti tatu kwenye bendera, na sarafu za 1961 ziko nayo pia.

Basi nikafika nyumbani, naigeuza, kumbe imekatwa kwenye bati! Nyembamba, kingo zinakwaruza kidole, na ile vanishi ya kung'arisha imeanza kubanduka kwenye mkono mmoja. Za zamani zilikuwa za kuyeyusha na kumimina, ukiishika unasikia uzito.

Jumatatu nikarudi nimekasirika, lakini kijana hakuleta kelele, akainama akatoa ingine chini ya kaunta, nzito, ya kumimina, mgongo mmoja uko na vipele vya mchanga bado. Dola 20, nikaongeza 9. Mukienda muulize hizo za chini, za ukutani muachie watalii.