Rare Replay: Dubu Yumo, Sokwe Hayumo

Microsoft ilipoinunua Rare, studio ya kutengeneza gemu za video, mwaka 2002 kwa dola milioni 375, ilimpata dubu Banjo na ndege wake Kazooie, lakini sokwe ikamkosa, kwa sababu Donkey Kong alikuwa mali ya Nintendo tangu mwanzo. Anayetaka kununua Rare Replay, mkusanyiko wa gemu 30 uliotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, studio hiyo ya Twycross, Uingereza, ilipotimiza miaka 30, na alijue hilo kwanza. Humo hamna Donkey Kong Country ya mwaka 1994, ambayo picha zake zilichorwa kwenye kompyuta ghali za Silicon Graphics ndipo zikapunguzwa ziingie katika Super Nintendo, mashine ya gemu ya Nintendo. Wala hamna ile ya pili ya mwaka 1995, ambayo kwangu ndiyo gemu bora ya kuruka na kukwea waliyowahi kuitengeneza. Atakayetamani kumrusha Diddy, tumbili mwenzake Donkey Kong, kutoka pipa hadi pipa katikati ya miiba, huku muziki wa David Wise ukienda taratibu kana kwamba hakuna hatari yoyote, itambidi aitafute kwenye mashine za Nintendo.

Hata hivyo humo mna Banjo-Kazooie ya mwaka 1998, na kwa ajili yake peke yake ningeununua mkusanyiko mzima. Banjo, dubu mpole, amembeba ndege Kazooie ndani ya mkoba mgongoni, nao wanakwenda kumwokoa Tooty, mdogo wake Banjo, aliyetekwa na mchawi Gruntilda. Ziko dunia 9, kila moja ikiwa na vipande 10 vya fumbo na noti 100 za muziki. Hesabu hizo mtu akizisikia atadhani ni kazi ya karani wa ghala, lakini kila kitu kimewekwa mahali ambapo kukifuata ndiko kunakokufundisha njia. Katika dunia ya kwanza kuna kichuguu ambacho mteremko wake humshinda Banjo, akawa anateleza tu. Mganga Mumbo akishamgeuza kuwa mchwa, mteremko uleule anaupanda bila taabu. Katika dunia ya mwisho unaingia msitu mmoja kwa majira manne: unaangua yai wakati wa machipuko, unamlisha kinda viwavi wakati wa kiangazi, unamlisha tena wakati wa vuli, na baridi ikiingia unamkuta amekuwa tai anayeruka na kukudondoshea kipande cha fumbo. Nimelicheza tukio hilo mara nyingi na bado hunigusa.

Muziki wa Grant Kirkhope nao unastahili kusikilizwa kwa makini, kwani ndani ya ngome ya mchawi wimbo ni uleule, ila kila unapoukaribia mlango wa dunia fulani hubadilisha vyombo ili ufanane na dunia hiyo.

Katika gemu ya asili, ukifa au ukitoka katika dunia, noti ulizookota hurudi zilipokuwa na hesabu huanza upya. Katika toleo lililomo humu, ulichookota ni chako. Wapo wanaosema kuwa ladha imepotea. Sikubaliani nao, kwa sababu kuokota noti ya 90 kwa mara ya tatu hakumfundishi mchezaji jambo jipya.

Banjo-Tooie ya mwaka 2000, gemu ya pili ya Banjo, nayo imo; ni kubwa na ina akili nyingi, ingawa mwendo mrefu huchosha. Nuts & Bolts ya mwaka 2008, ya kuunda magari, imeacha karibu kila kilichomfanya Banjo apendwe. Video za mahojiano na watengenezaji hazifunguki mpaka ukusanye stempu kwa kucheza, jambo ambalo naona ni kosa kubwa, maana historia ya studio ilipaswa kuwa wazi tangu mwanzo.

Tangu Januari 2022 Banjo-Kazooie inapatikana pia katika huduma ya kulipia ya Nintendo Switch Online, ambamo gemu za Donkey Kong Country zilikuwa zimetangulia. Huko dubu na sokwe wamekutana tena, ila ukifa, noti zako zinapotea.