Riwaya ipi umnunulie kijana: fumbo, mapenzi na kukua, kuanzia bora kabisa

Kijana akikwambia riwaya za Kiswahili hazimvutii, mara nyingi tatizo ni kitabu cha kwanza alichopewa. Huenda aliwekewa mkononi Nagona ya Kezilahabi akiwa kidato cha kwanza, kitabu kinachomsumbua hata mwalimu. Au alinunuliwa kitabu cha uchambuzi wa mtihani akadhani ndiyo riwaya yenyewe. Akishakwama hapo, cha pili hakigusi.

Kwa hiyo orodha hii haikufuata umaarufu wa mwandishi. Tumeangalia mambo matatu: hadithi inamshika msomaji mapema kiasi gani, Kiswahili chake kinambeba au kinamkwamisha, na nakala nzima inapatikana au ni ya kusakwa. Msomaji tuliyemlenga ana miaka 13 hadi 19.

1. Siku Njema, Ken Walibora (1996)

Kama una fedha ya kitabu kimoja tu, nunua hiki. Kongowea anasimulia maisha yake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Anakulia Tanga kwa mama aliye mwimbaji wa taarabu, na baba yake hamjui. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa wanaomtesa, na hatimaye anafunga safari kuelekea Kenya kumtafuta huyo baba. Fumbo, mapenzi na kukua vyote vimo ndani ya kitabu kimoja chembamba. Swali la baba yuko wapi linamsukuma msomaji kutoka sura hadi sura, na Vumilia, msichana anayempenda, anaingia kwenye hadithi bila kuigeuza kuwa ya mapenzi matupu.

Ugumu wake uko kwenye lugha. Walibora alipenda methali na misemo, na kijana aliyezoea Kiswahili cha mtaani anaweza kusimama kila sentensi kutafuta maana. Mwambie asisimame. Asome sura tatu za mwanzo bila kamusi, kwa sababu hadithi ina nguvu ya kumvusha. Misemo ataiokota akisoma mara ya pili, na wengi hurudia. Kinafaa kuanzia miaka 14.

Kiliwahi kuwa kitabu teule cha mtihani Kenya, kwa hiyo nakala zilizotumika ni nyingi, na miongozo ya kukichambua nayo ni mingi. Tutarudi hapo, maana ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Kijana akikipenda, mfuatishie Ndoto ya Amerika ya mwandishi huyohuyo. Ni kifupi na chepesi, kinahusu wavulana waliojaa hamu ya kwenda Marekani.

2. Vuta N'kuvute, Adam Shafi (Mkuki na Nyota, 1999)

Kwa uandishi, hii ndiyo riwaya bora kuliko zote katika orodha hii. Tumeiweka ya pili kwa sababu ya umri tu: mpe kijana wa miaka 16 na kuendelea. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume wa rika la baba yake. Anaikimbia ndoa hiyo na kupata hifadhi Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana wa harakati za uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni. Kuanzia hapo mapenzi na siasa vinavutana, na msomaji anavutwa katikati.

Angalia jinsi wahusika wanavyozungumza. Mwajuma akifungua mdomo unaisikia Ng'ambo yenyewe: utani, ukali wa upendo wa marafiki wa kike, maneno ya nyumba zinazopakana. Kijana wa bara atakutana na msamiati wa Unguja asioujua, lakini kwa kuwa mwingi umo kwenye mazungumzo, maana hujitokeza yenyewe.

Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka 2021. Kitabu kwanza, filamu baadaye. Akianza na filamu atapoteza raha ya kutojua Denge atafikia wapi. Tanzania riwaya hii imesomwa sana kidato cha tano na sita, na ndiyo maana fotokopi zake zimezagaa.

3. Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla (1960)

Kwa anayetaka fumbo la kweli, hakuna pa kuanzia zaidi ya hapa. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kutambikia, watu wako tayari kuwasingizia mashetani, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, haafiki. Anauliza, anapima, anaunganisha. Najum, mwenzake, anauliza yale ambayo msomaji naye angeuliza.

Mafumbo ya Abdulla hujengwa juu ya ukoo: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani ana jina lingine. Hapo ndipo kijana hupotea, na sababu si uvivu wake, ni wingi wa majina. Dawa yake ni karatasi moja ndani ya kitabu. Kila mhusika mpya aandikwe jina na uhusiano wake. Ukifika nusu ya kitabu, karatasi hiyo imekuwa mchezo wenyewe: msomaji anaanza kumtafuta muuaji sambamba na Bwana Msa.

Baada ya hicho vinakuja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kila kimoja kina fumbo lake, kwa hiyo ukikosa kimoja usisubiri, nunua kinachopatikana. Tatizo la mfululizo huu ni upatikanaji. Ukikiona kwenye meza ya vitabu vya mtumba na kurasa zake zimetimia, usikiache.

Anayependa upelelezi wenye polisi na mwendo wa haraka zaidi atafute Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965). Nacho ni cha kuvizia.

4. Mfadhili, Hussein Tuwa

Hiki ni cha kijana anayesoma hadithi za mapenzi kwenye simu usiku kucha na kusema vitabu vinamchosha. Lugha ni ya leo, sentensi ni nyepesi, na mapenzi yamebeba kitabu kizima. Kwa ufundi hakifikii Vuta N'kuvute. Kazi yake ni kumtoa msomaji kwenye simu na kumweka kwenye karatasi, na kazi hiyo anaijua Tuwa vizuri.

5. Watoto wa Mama N'tilie (Emmanuel Mbogo, 2002) na Takadini (Ben Hanson)

Tumeviweka pamoja kwa sababu vyote vinawafaa wadogo, miaka 13 na 14, na vyote vimesomwa sana sekondari za Tanzania, kwa hiyo havikosekani. Cha Mbogo kinawafuata Peter na Zita, watoto wa mama anayeuza chakula na baba mlevi, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Takadini ni kijana mwenye ualbino aliyezaliwa katika jamii isiyotaka aishi, na mama yake, Sekai, anatoroka naye. Kina mapenzi pia, ya heshima na ya kugusa. Kama mtoto ni wa moyo mwepesi, anza na Takadini.

6. Kiu, Mohamed Suleiman Mohamed (1972)

Mapenzi, fedha na udanganyifu, na msichana aitwaye Bahati katikati. Kiswahili chake kimepangwa kwa ustadi mkubwa. Kijana mwenye subira atakifurahia kuliko mwenye pupa. Nyota ya Rehema (1976) ya mwandishi huyo ni nzito zaidi kidogo na ina huzuni nyingi.

Vya kununua ukiwa umesoma kwanza wewe mwenyewe

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni riwaya za kukua kwa maana kamili ya neno hilo. Katika Utengano, Maimuna anafungiwa ndani na baba mkali hadi anatoroka na kuangukia ukahaba. Rosa wa Ukerewe anachungwa kwa viboko na baba mlevi, kisha anakwenda shule bila kujua lolote kuhusu wanaume. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikarudi kufundishwa. Ina ngono, kutoa mimba na kujiua. Hatusemi umfiche kijana wa miaka 17. Waandishi hawa wanawaonya wazazi kuliko wanavyowaonya watoto. Lakini ukimpa, uwe umeshaisoma, ili akija na swali usimkimbie.

Vitabu vya upelelezi vya Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na vya Ben Mtobwa na Joram Kiango wake: vinasisimua, na Kiswahili chao ni chepesi. Vina damu na vitanda vya kutosha. Subiri afike 17 au 18.

Kukagua nakala kabla ya kulipa

Kwanza soma jalada lote, pamoja na maandishi madogo. Miongozo huandika jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno "Mwongozo wa" au "Uchambuzi wa" kwa herufi ndogo juu yake. Fungua ndani: ukikuta "dhamira", "wahusika na sifa zao" na maswali, hiyo si riwaya. Kwa kitabu cha fumbo hasara ni kubwa zaidi, maana muhtasari wa mwongozo humtaja muuaji.

Pili, hesabu kurasa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kasoro ya kiwandani huja kwa fungu zima: linakosekana, linajirudia au limegeuzwa juu chini. Huna haja ya kupekua ukurasa mmoja mmoja. Tazama namba kila fungu linapobadilika: 16 kwenda 17, 32 kwenda 33, 48 kwenda 49, na kuendelea. Kisha tazama kurasa kumi za mwisho, kwa sababu kwenye mtumba hizo ndizo hung'oka kwanza.

Tatu, fungua katikati na ubonyeze taratibu. Mgongo uliobandikwa kwa gundi hafifu hulia na kuonyesha mstari mweupe, na kitabu hicho kitaachia kurasa kabla msomaji wa pili hajakimaliza. Kilichoshonwa utaona uzi katikati ya fungu. Kama zote mbili zipo, lipia zaidi kwa chenye uzi.

Nne, pima kama ni nakala ya wizi. Dalili zake ni herufi zenye ukungu au nyeusi upande mmoja na hafifu upande wa pili, mistari iliyopinda karibu na mgongo kwa sababu ilipigwa picha kutoka kitabu kilichofunguliwa, picha ya jalada iliyofifia, na ukurasa wa haki za uchapishaji usiokuwepo au usiosomeka. Dalili moja inaweza kuwa bahati mbaya ya kiwanda. Zikiwa mbili, rudisha. Mwandishi hapati hata senti kwenye nakala hiyo, na waandishi wetu wanaishi kwa kidogo.

Mwisho, mpe kijana asome ukurasa mmoja wa katikati palepale dukani. Maneno asiyoyajua yakizidi matano, kitabu kingoje mwaka mwingine. Kwa Siku Njema ongeza hadi manane, kwa sababu tuliyokwisha kueleza. Kama mnaweza, nunueni pia kamusi moja nzuri ya nyumbani. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA inatosha kwa riwaya zote hizi.

Pa kununulia

Dar es Salaam anza na duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora. Nairobi, Text Book Centre. Unguja, Masomo Bookshop. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, utaje jina la kitabu na la mwandishi, na uombe wakuwekee. Walio Ulaya na Marekani hupata vitabu vingi vya Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective. Epuka kununua Januari na Februari, wazazi wanapojaa madukani: vitabu vinavyosomwa shuleni huadimika, bei hupanda na nakala za wizi ndipo zinapomwagwa mitaani.

Hadithi zinazouzwa kwa WhatsApp sehemu kwa sehemu zina waandishi wazuri, ila uliza mambo mawili kabla ya kutuma fedha: imekamilika, na ina sehemu ngapi? Nyingi hukatika njiani mwandishi anapochoka au wateja wanapopungua, na kijana hubaki na fumbo lisilo na jibu. Kama imekamilika, omba itumwe yote kwa faili moja, ulipe mara moja. Faili za PDF za riwaya zilizotajwa hapa juu, zile zinazozunguka bure kwenye makundi, ni za wizi na mara nyingi zimeruka kurasa. Fumbo la Bwana Msa likikosa kurasa mbili tu, ukoo wote unavurugika.