Uzoefu wangu: nimemuangalia Cantona kwenye muvi wiki mbili mfululizo

Nimemaliza juzi usiku na bado vitu viko kichwani, so naandika kabla havijapoa. Nilikodi Looking for Eric kwenye apu, nikaendelea na Dérapages ile tamthilia ya Kifaransa ya epsodi 6, katikati nikarudia Elizabeth, zote kwa ajili ya Cantona tu, yule mwanasoka wa Ufaransa aliyegeukia uigizaji.

Cantona mi nimerithishwa na kaka yangu. Enzi zile nilikuwa mdogo sana, kaka ndo alikuwa anatembea kola imesimama kama Cantona kutwa nzima, mama akiilaza yeye akitoka nje anaisimamisha tena. Kwa hiyo muvi ya kwanza nikamwambia njoo tuangalie wote.

Kwa ambao hamkumfuatilia, jamaa kazaliwa Marseille 1966, akaanzia Auxerre, akazunguka klabu za Ufaransa huku akigombana na karibu kila mwenye mamlaka, 1992 akatua Leeds akabeba nao ligi, halafu Novemba mwaka huohuo Manchester United wakamchukua kwa pauni milioni 1.2. United walikuwa hawajabeba ligi tangu 1967! Misimu mitano pale akachukua ubingwa mara 4, na msimu pekee uliowaponyoka, ule ambao Blackburn walibeba, ni ule aliofungiwa baada ya kumrukia shabiki teke la kung-fu kwenye uwanja wa Selhurst Park Januari 1995. Akarudi Oktoba 1 dhidi ya Liverpool, akatoa asisti na kufunga penalti, msimu ule wakabeba ligi na Kombe la FA, fainali ya FA kafunga yeye. Mei 1997 akasema basi, miaka 30 tu. Kaka anasema siku hiyo hakula.

Sasa Looking for Eric ya muongozaji Ken Loach, 2009. Steringi siyo Cantona, na hili watu wengi wakisikia jina wanadhani ni muvi ya maisha yake. Ni ya mpeleka barua mmoja wa Manchester, posta nitamuita hivyo, anaitwa Eric Bishop, maisha yamemshinda, watoto wa kambo hawamsikilizi, mke wa kwanza yeye mwenyewe ndo alimuacha miaka mingi iliyopita na bado anampenda. Siku moja yuko chumbani anaongea na bango la Cantona, anageuka, Cantona mwenyewe huyo hapo kasimama. Hakuna mbwembwe za kompyuta wala moshi, kasimama tu kama mgeni aliyepita kusalimia.

Kuna sehemu wamekaa wawili na posta anamuuliza dakika yako tamu kuliko zote uwanjani ilikuwa ipi, anaanza kumtajia magoli, hili? lile? Jamaa anakataa yote. Halafu anasema haikuwa goli, ilikuwa pasi. Na posta anaijua palepale, pasi kwa Irwin, mechi na Tottenham. Ni Januari 1993, Old Trafford, uwanja wa United, walishinda 4-1. Wanaionyesha, anaudokoa mpira kwa nje ya kiatu, unapita juu ya mabeki wote unamkuta Denis Irwin, beki wa pembeni jamani, anakimbia peke yake anamalizia. Posta anauliza na kama angekosa? Anajibiwa kwamba lazima uwaamini wenzako. Kaka alikuwa ameshika kikombe, hakunywa mpaka sehemu ile ikaisha, akaniambia rudisha. Tumerudisha mara tatu.

Na mimi hapo ndo nikamuelewa kama muigizaji. Angeweza kuifanya ile muvi yote iwe yake, jina anayo, sura anayo, hela kaweka pia maana ni mmoja wa wazalishaji, lakini kila sini anamuachia Steve Evets aliyecheza posta. Yeye anasikiliza, anatupa sentensi moja, anatulia. Ni pasi mpenyezo zilezile. Hata ile ya tarumbeta, anapuliza wimbo wa taifa wa Ufaransa polepole anasema alijifunza kipindi amefungiwa, ile aibu ya 1995 inaguswa hapo kidogo tu halafu inaachwa, na mi iliniuma kuliko kama wangeonyesha lile teke.

Dérapages ni kitu kingine kabisa, 2020. Humo yeye ndo kaibeba. Anaitwa Alain Delambre, miaka 57, alikuwa meneja wa rasilimali watu, kakaa miaka 6 bila ajira anafanya vibarua, siku msimamizi anamdhalilisha anampiga kichwa. Nikamuona yule wa Selhurst Park, ila huyu kazeeka, ana madeni, akirudi nyumbani hamuangalii mke wake usoni. Epsodi ya 1 na 2 ni moto, katikati inalegea kidogo maana mambo ya kesi yanakuwa mengi, ya mwisho inarudi.

Angalizo kubwa: apu niliyotumia ilinifungulia kwa sauti ya Kiingereza ya kubandikwa na nikaangalia nusu saa nzima nikijiuliza mbona huyu mtu hana uzito. Sauti siyo yake! Nikabadilisha Kifaransa, maandishi ya chini yakawa yanachelewa kama sekunde mbili, inakera, lakini chagueni hivyohivyo, ile sauti nzito ya kukwaruza ni nusu ya kazi yake. Nimewaandikia huduma kwa wateja sijajibiwa mpaka leo.

Elizabeth ya 1998 anacheza balozi wa Ufaransa, dakika chache, mavazi mazito, bado hajakomaa, iangalieni tu kama mnataka kumuona enzi zake za mwanzo kwenye uigizaji.

Looking for Eric naipa 5 kwa 5, Dérapages 4. Anzeni na ya posta, na mkiwa na mtu aliyemuona Cantona akicheza enzi zake kaeni naye. Wiki ijayo nakodi The Salvation yuko na muigizaji Mads Mikkelsen, kaka kashaniambia nisithubutu kuianza bila yeye.