Harrier "Tako la Nyani" ya cc 2400: ulaji wake wa mafuta kwa mizunguko ya kila siku

Kabla hujauliza bei ya Harrier, fungua boneti usome kibati chenye namba ya modeli. Kikiandikwa ACU30 au ACU35, una injini ya 2AZ-FE, silinda nne, cc 2,362. Kikianza na MCU, hiyo ni V6, yaani silinda sita, ya cc 3,000, na GSU ni V6 ya cc 3,500. Kwa nje zote ni Tako la Nyani, jina la mtaani la Harrier ya kizazi cha pili. Dalali akikushushia bei ya V6 usishangilie, punguzo hilo utalirudisha sheli.

ACU30 iliyotunzwa, AC ikiwaka, kwenye foleni za Dar huenda kilomita 7 hadi 8 kwa lita. Barabara kuu, mwendo wa 80 hadi 90, hufika 10 au 11. ACU35 inavuta tairi zote nne, kwa hiyo punguza nusu kilomita hivi. MCU mjini ni 5 hadi 6. Chukua mtu wa Tegeta anayeshuka Posta, kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: kwa 7.5 atalipa 416,000, kwa V6 ya 5.5 atalipa 567,000. Tofauti hiyo ni ya kila mwezi, bado hujagusa mkanda wa timing wa V6 ya MCU, ambao 2AZ haina kwa sababu inatumia cheni.

Usimwamini muuzaji anayesema "inaenda 12 mjini". Gari ni tani 1.6 na gia boksi yake ina gia nne. Pima mwenyewe: jaza hadi pampu ikate yenyewe, rudisha trip (kipima kilomita za safari kwenye dashibodi) kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 300, rudi pampu ileile ujaze hadi ikate tena. Kilomita 390 ukijaza lita 52 ni 7.5. Taa ya mafuta na jicho havipimi kitu.

Ikitoka 5 badala ya 7.5, mshukiwa wa kwanza ni themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari likichemka, mafundi wengi huing'oa na kukwambia hapa kwetu joto, haihitajiki. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, na inaendelea kumwaga mafuta ya ziada safari nzima. Mshale wa joto hautakuambia, maana kwenye Toyota husimama palepale katikati kwa nyuzi nyingi tofauti. Chomeka mashine ya kusoma makosa, endesha dakika 20, uangalie joto la maji. Linatakiwa licheze juu ya nyuzi 80. Likikaa 65 na kushuka kila unapokimbia, themostati imekwama wazi au haipo kabisa. Ni kifaa cha bei ndogo, na kilichomchemshia gari mwenye nalo wa kwanza mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni.

Baada ya hapo tazama breki. Ukitoka safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, huenda pini za kaliper (kishikio cha pedi za breki) zimekauka na gari linatembea likiwa limeshikwa. Tairi za kiwandani mara nyingi ni 225/65R17. Rimu za inchi 20 zinapendeza kwenye picha, lakini ni nzito, na kipenyo kikibadilika hata kilomita unazosoma si za kweli. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni.

Plagi ziwe iridiamu, Denso SK20R11, uwazi milimita 1.1. Za bandia na halisi hutofautiana bei, na ukiweka bandia gari litakuonyesha kwa kukosa silensa, yaani injini kutetereka, likiwa limesimama linanguruma. Taa ya injini ikiwaka na msimbo ukataja sensa ya oksijeni ya mbele, usiifute tu. Sensa iliyochoka hudanganya kompyuta kuhusu mchanganyiko, na anayelipa ni tenki.

Kuna mambo mawili ya 2AZ yanayostahili kukufanya uondoke. Za kuanzia karibu 2006 zinajulikana kwa kula oili, ringi ya oili kwenye pistoni ikijaa masizi. Vuta dipstiki, kisha mwambie mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na unamaliza katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na sensa pia. Za kabla yake hulegea nyuzi za bolti za silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), zile za nyuma upande wa ukuta wa kabini. Maji hupungua bila tone kuonekana chini. Mulika tochi nyuma ya injini: ukiona alama za maji yaliyokauka kwenye kiungo cha hedi, usianze hata kupatana bei.