Chupa ya mwani ya shilingi 28,000 na madebe yangu ya asumini

Nilipoisoma vizuri lebo ya mbolea ya maji niliyoinunua, nimeshafika nyumbani na chupa nimeiweka juu ya karo, nilicheka peke yangu. Mwani uliomo humo ni ule wa kahawia, Ascophyllum nodosum, unaoota kwenye mawe ya bahari ya baridi kaskazini mwa Atlantiki. Wamekwenda kuuvuna huko, wakaukamua, wakautia kwenye chupa ya nusu lita, ukapanda meli mpaka Unguja, na mimi nimeutolea shilingi 28,000 Mwanakwerekwe. Wifi yangu saa ile yuko Jambiani, maji ya magoti, anafunga mwani kwenye kamba.

Mimi nafunga vikuba na makoja, yale mapambo ya maua ya kunukia. Uani kwangu nina madebe 12 ya asumini, mrehani kila penye nafasi, mawaridi manne na bugenvilea moja inayojifanya mwenye nyumba. Mwezi wa harusi ukiingia vitumba vyangu havitoshi, nanunua kwa wenzangu, na faida inakwenda huko. Kwa hiyo kijana wa duka la pembejeo aliponiambia, "Mama, samadi inatoa majani tu, ukitaka maua chukua hii," nilifungua pochi. Chapa siitaji. Nimeshaziona chupa za chapa tatu na lebo zao karibu zinafanana.

Tuanze na hiyo lebo. Imeandikwa naitrojeni 0.2, fosforasi 0.1, potasiamu 1.5, kwa mia. Mwanangu yuko kidato cha pili, nikampa daftari. Nusu lita nzima ina kama gramu 9 za chakula cha mmea. Kilo moja ya mbolea ya chumvichumvi ya 17-17-17, ile ya kupimiwa, naipata kwa shilingi 3,500, na ndani yake mna gramu 170 za kila kimoja, jumla 510. Akagawa: gramu moja ya chakula kwenye chupa inasimama zaidi ya shilingi 3,000, kwenye mfuko haifiki shilingi 7. Akaniangalia kama ninavyomwangalia yeye akinunua maji ya rangi dukani.

Lakini chupa nayo ina haki yake. Anayejua mwani hauzi hiyo kama chakula. Ndani mna vichocheo vya ukuaji ambavyo mmea wenyewe huvitengeneza kwa kiasi kidogo, mna sukari za baharini na gundi, mna madini madogomadogo. Kazi yake ni kuuchangamsha mmea, kuusaidia kuotesha mizizi na kustahimili jua au kiu. Kosa ni la anayekuuzia kiungo akakwambia ndiyo wali.

Nikaona niijaribu kwa kipimo. Madebe 12 niliyagawa matatumatatu, yote yana mashina ya umri mmoja na yanapata jua la asubuhi. Matatu ya kwanza nikayapa chupa peke yake, kifuniko kimoja kwenye lita 5 za maji kila wiki mbili. Matatu mengine samadi ya mbuzi na 17-17-17. Matatu ya tatu samadi, 17-17-17 na chupa. Ya mwisho samadi, 17-17-17 na mwani wa Jambiani niliouloweka mwenyewe. Kila alasiri kabla ya kuchuma nilihesabu vitumba nikaandika, wiki 8, isipokuwa siku tatu nilizokuwa msibani.

Waliopewa chupa peke yake walikuwa na majani ya kung'aa, mazuri ya kuangalia, na vitumba vichache: wastani wa 11 kwa siku kwa madebe yote matatu. Waliokula samadi na 17-17-17 walinipa 29. Waliokula hivyo na kuongezewa chupa, 32. Wa mwani wa Jambiani, 31. Madebe matatu si shamba la utafiti, na hiyo tofauti ya vitumba viwili vitatu naweza kuipata kwa debe moja kukaa karibu na ukuta. Lakini 11 na 29 haihitaji miwani.

Huo mwani wa kwetu nao una kisa chake. Wifi aliniletea kilo mbili za mwani mkavu wa aina ya spinosum, akakataa hela, nikampa vikuba vya shughuli ya mwanawe. Mwani wa kuanikwa juani unatoka na chumvi nyeupe juu yake kama unga, na chumvi hiyo ukiimwaga kwenye debe la asumini unaua. Nimeuosha maji baridi mara tatu, kila mara nauonja kwa ncha ya ulimi. Bwana shamba mmoja ninayemuuliza mambo alinikumbusha kwamba nikiuosha sana naondoa na potasiamu, kwa sababu hiyo hiyo chumvi si ya mezani peke yake. Basi mara tatu, basi. Nusu kilo kwenye ndoo ya lita 10, maji ya mvua, kifuniko juu, kivulini, wiki tatu. Unavimba, unateleza kama bamia, halafu unaanza kunuka. Mkwe wangu aliuliza kwa adabu kama kuna panya amekufa. Nachuja kwa kitambaa, kikombe kimoja cha maji yake nachanganya na vikombe kumi vya maji safi, namwagia chini, majanini sitii. Makapi yanakwenda kwenye mboji.

Watu wakisikia wanasema hizo ni mbwembwe za mjini. India wanaukamua mwani wa jamii ya cottonii, ndugu wa huu wetu, na maji yake yanauzwa ya kunyunyizia mazao. Sisi tunaulima kibiashara tangu mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, tunaukausha, unakwenda nje kwa ajili ya gundi ya dawa ya meno na aiskrimu, na uani kwetu tunatia chupa ya Ulaya. Haya, hayo ya kwangu.

Hela yako iende wapi basi? Kwanza samadi. Ya mbuzi ndiyo naipenda, imekaa miezi mitatu, haina joto tena. Gunia nalinunua shilingi 4,000 na linanitosha msimu. Ya kuku ni kali, mbichi inaunguza, nimeacha. Halafu hiyo 17-17-17: kijiko cha chai kimoja kwa debe la lita 20 kwa mwezi, nakigawa mara mbili, naweka pembeni mwa debe mbali na shina, namwagilia kabla na baada. Ukinunua ya kupimiwa, mwambie akufungulie gunia uone maandishi yake. Nimewahi kuuziwa mfuko wa nailoni wa punje zilizoshikana kama sukari guru. Mpaka leo sijui nililipa hela ya nini.

Urea niliipenda zamani kwa sababu bei rahisi na majani yanakuwa kijani siku ya nne. Ina naitrojeni 46 kwa mia na hamna kingine. Niliwahi kutia kijiko kizima kwenye debe la waridi, wiki haikwisha majani yakakauka pembezoni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Na hata ukiipima vizuri, bugenvilea ikila urea inakuwa msitu, ua hulioni. Hiyo bugenvilea dawa yake ni kiu: iache ikauke mpaka majani yalegee kidogo, ndipo uimwagilie, itakupa maua kwa hasira.

Kuna jambo la udongo wetu ambalo maduka mengi hayakuambii. Huku mjini udongo wa kujazia madebe mara nyingi una mchanga wa matumbawe, yaani chokaa tupu. Asumini ikianza kutoa majani mapya ya manjano na mishipa ikabaki kijani, si njaa ya 17-17-17. Ni njaa ya madini ya chuma: kwenye udongo yamo, lakini chokaa inayashikilia. Mimi nilipoteza mwaka nikiongeza mbolea. Kilichonisaidia ni kuchanganya mboji nyingi na kutumia SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, badala ya urea, maana SA inautia udongo uchachu kidogo kidogo. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yanaharibu, kwa hiyo naweka mapipa ya maji ya mvua.

Kwa sababu hiyo hiyo, ile ya unga wa mawe ya Minjingu, inayochimbwa kule Manyara, nzuri na ya bei ndogo kwa wenye udongo mchachu wa Bara, kwangu haikufanya kitu. Bwana shamba alinieleza kwamba fosfati ile inataka uchachu iyeyuke. Kwenye chokaa inakaa kama kokoto. Aliye Njombe na asinisikilize mimi kwa hilo.

Narudi kwenye chupa, maana nimeinanga sana. Nilichukua pingili 20 za asumini, urefu wa kidole na nusu, nikaloweka 10 usiku mmoja kwenye maji yaliyotiwa matone ya chupa na 10 kwenye maji matupu, nikazipanda kwenye mchanga na makapi ya kumbi la nazi. Za chupa zimeshika 8, za maji 5. Mawaridi niliyoyahamisha debe pia hayakulegea kama kawaida yake. Kwa kazi hiyo, ya kuotesha na kuhamisha, ningeinunua tena, ila ndogo, ile ya mililita 100 ambayo kijana wa dukani hakunionyesha mpaka nilipoiona mwenyewe rafu ya chini.

Imebaki robo. Nimeiandika PINGILI TU kwa kalamu nzito, ili mwanangu asiimimine kwenye madebe siku nitakayomtuma kumwagilia, na nimeiweka juu ya kabati penye giza. Masika yakianza nitaijaribu kwa mkilua, mti wa maua ya kunukia, ambao mara tatu nimeupanda na mara tatu umenigomea.